Iliyopatwa kiwandani au iliyopatwa mtaani? Jibu kwa konda mwenye sarafu saba

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni konda wa Hiace ya Tabora–Sikonge. Kila jioni nikihesabu chenji, sarafu yenye mambo naiweka pembeni. Sasa ninazo saba. Mia mbili moja, herufi zake zinaonekana mbilimbili nikiipiga picha kwa simu. Jero mbili: moja ukiielekeza hivi inaandika 500, ukiiinamisha kidogo inaandika BOT, nyingine nikiigeuza, nyati anatokea amelala ubavu. Sarafu mbili za mia: moja imekuwa nyekundu iliyoiva hadi nyeusi, nyingine ina kinundu ukingoni kimekula herufi mbili. Na mbili kanipa bibi toka kwenye kopo lake: moja ina tundu katikati na mwaka 1936, nyingine ina taji, mwaka 1916 na herufi T. Watu wa mtandaoni wanasema sarafu za namna hii zinauzwa mamilioni. Nitajuaje yenye kasoro ya kweli?

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikushukuru kwa jambo moja: umeziweka pembeni bila kuzisugua. Shika hapo hapo. Ndimu isizikaribie, majivu yasizikaribie, dawa ya meno wala brashi ya waya visizikaribie, hata hizo za bibi zenye kutu ya kijani. Sarafu ikishasuguliwa imevuliwa ngozi yake, na hakuna fundi wa kuirudishia.

Sasa, wewe unaniuliza sarafu hizi zina kasoro gani. Mimi huanza na swali jingine, na ningependa ulizoee kabla ya jambo lolote: hiki ninachokiona kiliipata sarafu lini? Kabla haijagongwa, wakati inagongwa, au baada ya kutoka kiwandani? Kilichoipata kabla au wakati wa kugongwa ndiyo kasoro, na wakusanyaji wanaitafuta. Kilichoipata baada ya hapo, mfukoni, jikoni, chini ya tairi la lori, ni uharibifu, hata kiwe cha ajabu namna gani. Ukiweza kujibu hilo la lini, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza.

Ili uweze kulijibu, ujue sarafu inavyozaliwa. Linaanza bamba refu la chuma. Mashine inakata vipande vya mviringo kwenye bamba hilo kama mtu anavyokata unga uliosukumwa kwa mdomo wa glasi. Kila kipande kinapitishwa kwenye mashine nyingine inayokibana pembezoni ili ukingo uinuke. Kisha kinaingia kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja chini na mmoja juu, kikiwa kimezungukwa na pete inayokizuia kutanuka. Mihuri inakutana kwa nguvu ya tani nyingi, chuma cha kipande kinasukumwa kujaza kila shimo la mihuri, na sarafu imezaliwa. Mashine za leo zinafanya hivyo mamia ya mara kwa dakika moja, na muhuri mmoja unaweza kugonga sarafu laki kadhaa kabla haujatupwa.

Hapo ndipo penye siri yote. Muhuri ni kinyume cha sarafu. Kilichoinuka kwenye sarafu, kwenye muhuri kimezama. Umewahi kuona kalibu ya tofali yenye ufa? Tofali linatoka na mstari uliosimama, kwa sababu udongo umeingia ndani ya ule ufa. Na muhuri ni vivyo hivyo: ukipasuka, chuma cha sarafu kinaingia kwenye mpasuko, nawe unaona mstari mwembamba ulioinuka, unaotambaa toka kwenye ukingo kuelekea kwenye picha. Mstari uliozama mara nyingi sana ni mkwaruzo wa mtaani. Chukua kijiti cha meno, kipitishe taratibu mno bila kukandamiza, utasikia kama kinapanda au kinashuka. Au weka taa ya upande mmoja tu, chini karibu na meza, utazame kivuli kinaangukia wapi. Mimi hutegemea taa kuliko kijiti.

Tuanze na hiyo mia mbili, maana ndiyo inayosumbua watu wengi kuliko zote. Picha zinazonifikia kila wiki nyingi ni za herufi mbilimbili.

Kuna mambo manne yanayoweza kuonyesha herufi mara mbili, na mawili ya kwanza hayana thamani kabisa. La kwanza ni simu yako. Kamera ya simu inanoa picha yenyewe bila kuulizwa, na herufi ya chuma inayong'aa ikipigwa mwanga wa pande mbili inatoa kivuli kinachofanana na herufi ya pili. Kwa hiyo usiamini picha. Tafuta lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, ya aina wanayotumia masonara, uitazame sarafu yenyewe ukiizungusha chini ya taa. Kama herufi ya pili inahamahama kufuata mwanga, hakuna kitu.

La pili ni muhuri uliolegea. Ukiwa haujakazwa vizuri kwenye mashine, unapoachana na sarafu unateleza kidogo na kuisukuma herufi ambayo tayari imeshachorwa. Matokeo yake ni ngazi: bapa, ya chini, inang'aa, imekatwa ndani ya herufi. Zingatia neno hilo, ndani. Herufi iliyosukumwa inabaki nyembamba kuliko herufi ya sarafu ya kawaida, kwa sababu sehemu ya unene wake imekandamizwa ikawa ngazi. Nimekuza picha zako tatu, na katika zote naona ngazi bapa upande mmoja wa kila herufi. Hiyo mia mbili ni ya aina hii. Imetokea kiwandani, sikatai, lakini ni jambo la pigo moja tu na liko kwenye sarafu za nchi zote duniani. Mkusanyaji hailipii. Irudishe kwenye chenji kwa amani.

La tatu ndilo la kweli. Muhuri wa kugongea nao una mama yake. Muhuri mama unabonyezwa kwenye chuma laini ili kuzaa muhuri wa kazi. Zamani bonyezo moja halikutosha: muhuri mtoto ulibonyezwa, ukapelekwa motoni ulainike, ukarudishwa kwa mama yake kubonyezwa tena. Ukirudi umekaa upande kidogo tu, picha ya pili haiangukii juu ya ile ya kwanza, na muhuri huo utabaki na herufi mbilimbili maisha yake yote. Mfano mkubwa ni senti 1 ya Marekani ya mwaka 1955, iliyogongwa Philadelphia. Mwaka na maandishi ya upande wa kichwa yamejirudia kiasi kwamba unaona kwa jicho tupu. Kasoro ilipogunduliwa, sarafu hizo zilikuwa zimeshachanganyika na nzima, na zaidi ya 20,000 zikaachwa zitoke zikalipie watu vitu madukani. Mpaka leo zinatafutwa. Dalili zake ni kinyume cha zile za kuteleza: herufi zote mbili ni za mviringo juu, zimesimama, na ukizipima kwa pamoja ni nene kuliko herufi ya kawaida. Ncha za herufi zimepasuka kama ulimi wa nyoka. Siku hizi viwanda vingi vinabonyeza muhuri mara moja tu, kwa hiyo kujirudia kukubwa kama kule kwa 1955 kumekuwa adimu. Kunakotokea sana ni kudogo, karibu na katikati ya sarafu.

La nne, muhuri mzee. Ukigonga sarafu nyingi kupita kiasi, kingo za herufi zake zinalika, na herufi zinatoka zimevimba, zina ukungu pembeni, uwanja wa sarafu una mikunjo kama maji yaliyopulizwa. Hiyo ni dalili ya uchovu. Nayo haina soko.

Kutokana na hilo la tatu upo mtihani mmoja ambao konda una nafasi nzuri ya kuufanya kuliko mkusanyaji yeyote aliyekaa nyumbani. Kasoro iliyomo ndani ya muhuri hujirudia kwenye kila sarafu ambayo muhuri huo uligonga. Kasoro ya pigo moja, au ya nyundo ya fundi wa mtaani, haijirudii. Wewe mikononi mwako zinapita sarafu mamia kwa siku. Ukiona jambo la ajabu kwenye sarafu moja, lichore kwenye daftari, mahali hasa lilipo, kisha mtafute pacha wake. Ukimpata pacha mwenye jambo lile lile mahali pale pale, basi karibu una hakika kwamba liko kwenye muhuri. Huo ndio ushahidi ninaouheshimu.

Jero inayoandika 500 halafu BOT haina tatizo lolote. Kuna wengi kabla yako walioniuliza hivyo hivyo. Ni alama ya usalama iliyowekwa makusudi. Sarafu ya shilingi 500 ilipoingia kwenye mzunguko mwaka 2014, Benki Kuu ilieleza kwamba ina picha iliyofichwa: mistari midogo iliyochongwa kwa pembe mbili tofauti, ukitazama huku unaona thamani, ukitazama kule unaona BOT. Kama utakutana na jero isiyo na picha hiyo, na haijalika kwa matumizi, hapo ndipo uikazie macho. Halali ina gramu 9.5 na upana wa milimita 27.5.

Jero ya pili, ya nyati aliyelala, ndiyo iliyonifurahisha. Lakini tuipime kwa utaratibu. Ishike sarafu upande wa Karume, uso wake umesimama wima. Kidole gumba kiwe chini kabisa, cha shahada juu kabisa. Sasa izungushe kama unavyofungua ukurasa, kushoto kwenda kulia, vidole visihame. Kwenye sarafu zetu za Tanzania, na za Kenya pia, nyati au simba au swala anatakiwa atokee amesimama wima vile vile. Ukigeuza kwa namna nyingine, kwa kuinua toka chini kwenda juu, kila sarafu uliyo nayo itakutolea mnyama kichwa chini, na hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya.

Halafu ujue si nchi zote zinafuata utaratibu huu. Sarafu za Marekani zimepangwa kinyume: ukigeuza kama ukurasa, upande wa pili unatokea kichwa chini, na ndivyo zilivyokusudiwa. Mara kadhaa nimeletewa robo dola iliyoachwa na mgeni, mwenyewe akiwa ameshaipigia hesabu ya kiwanja.

Kwenye video yako nimeona umeishika sawasawa, na nyati amelala karibu robo ya mzunguko. Hiyo ni kasoro ya kweli: muhuri mmoja ulilegea ukazunguka kwenye kishikio chake, au mtu aliufunga vibaya. Mzunguko wa nyuzi chache, kumi au kumi na tano, ni wa kawaida na hauhesabiwi. Robo nzima ni jambo jingine. Tena kwa kuwa muhuri ulikaa hivyo kwa muda, lazima zipo jero nyingine za mwaka huo huo zilizogeuka kwa kiasi hicho hicho au kinachokaribia. Anza kuzitafuta leo. Andika mwaka, chora mshale wa pembe nyati anakoelekea. Iweke kwenye bahasha ndogo ya karatasi, maana mifuko laini ya plastiki huchuruza kemikali inayoharibu chuma.

Ile mia nyekundu imeumia. Sarafu ya mia yenye swala ni ya chuma kilichovishwa shaba ya njano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Ikipata moto, au ikikaa kwenye udongo wenye chumvi, au ikimwagikiwa maji ya betri, zinki ndiyo inayotangulia kuondoka, na kinachobaki juu ni shaba nyekundu. Baadaye vazi lote linatoboka na chuma cha ndani kinashika kutu. Ipo kasoro ya kweli inayofanana na hiyo, ya kipande kilichokosa kuvishwa kabla ya kugongwa, lakini hiyo inakuwa na rangi ya kijivu ya chuma, mistari ya picha yote mikali, ngozi yake laini pande zote. Yako ina vishimo vishimo na swala wamefifia miguu. Vishimo ni kazi ya kutu.

Usichanganye hilo na malengelenge. Mara nyingine kwenye sarafu zilizovishwa utaona uvimbe mdogo kama wa kuungua, ukiubonyeza kwa kucha unabonyea. Hiyo ni hewa iliyonaswa chini ya vazi. Ilitokea kiwandani, ni ya kawaida mno, na haiongezi kitu.

Sasa kinundu. Hiki nataka tukikalie, kwa sababu kama kiko ninavyodhani, ndicho bora kuliko vyote ulivyovipata kwenye gari.

Muhuri unapopasuka karibu na ukingo, ufa huanza mdogo. Kadiri unavyoendelea kugonga, unatambaa toka ukingoni ukizunguka na kurudi ukingoni. Siku moja kile kipande kilichozungukwa na ufa kinabanduka na kuanguka. Kuanzia hapo muhuri una pengo. Kila sarafu inayogongwa, chuma chake kinajaza pengo hilo na kuacha kinundu laini, kisicho na picha, kilichoshikana na ukingo, kikimeza herufi zilizokuwa mahali hapo. Herufi hazijafutwa, hazikuwahi kuwepo kwenye sarafu hiyo.

Unakitofautishaje na tone la risasi ya kuchomelea, au na ukingo uliogongwa nyundo ukakunjika? Kwa kutazama upande wa pili, mahali pale pale kwa nyuma. Sarafu inapogongwa, pande zote mbili zinahitaji msukumo wa pamoja. Palipo na pengo upande mmoja, chuma kinakimbilia huko, na upande wa pili unakosa wa kuusukuma; picha yake hapo inatoka hafifu, herufi zimefifia, hata ukingo umenywea. Kama nyuma ya kinundu chako pana ufifio wa namna hiyo, kinundu ni cha muhuri. Kama nyuma ni kamili kama sarafu yoyote, basi mtu kaongeza kitu juu. Kama nyuma pana alama ya kugongwa, kishimo au mng'ao, ni nyundo.

Na usiishie hapo. Hiyo mia ina ndugu zake wakubwa kwa wadogo. Zipo zilizogongwa mapema, zenye mstari mwembamba ulioinuka mahali hapo hapo, kipande kikiwa hakijaanguka. Zipo ambazo kipande kimeshaanza kuzama. Ukizipata tatu au nne ukazipanga kwa zamu, umeandika historia ya muhuri mmoja toka ulipopata ufa hadi ulipovunjika. Mimi kwa moyo wangu naona mpangilio huo una maana kuliko sarafu moja ya bei kubwa, kwa sababu umeufanya mwenyewe, kwa macho yako, toka kwenye nauli za watu wa Sikonge.

Mengine utakutana nayo tu, kwa hiyo nikudokeze. Sarafu iliyomegwa pembeni kama andazi lililoumwa: inaweza kuwa kasoro, pale mashine ya kukata ilipopiga juu ya tundu ambalo lilishakatwa, ikatoa kipande chenye mwezi mchanga. Tazama ukingo wa upande unaokabili pengo. Kwa kuwa mashine ya kuinua ukingo inabana toka pande mbili, palipokosekana chuma, upande wa mbele yake nao haukubanwa, na ukingo wake utakuwa dhaifu. Ukingo mzima mbele ya pengo ni dalili ya msumeno au tupa. Herufi zilizopotea bila mkwaruzo wowote mara nyingi ni grisi iliyoziba muhuri. Ni halali, ila ni za kawaida. Sarafu za Kenya za rangi mbili huletwa kwangu zikiwa zimetoka jicho lake la katikati; hizo watu wamezing'oa kwa nyundo, na alama za kupigwa utaziona.

Tena jihadhari na kitu kimoja kinachowapotosha vijana wengi: kubadilika kwa sura ya sarafu si kasoro. Za Kenya za 1966 hadi 1968 zina sura ya Mzee Jomo Kenyatta bila maandishi ya kumzunguka. Kuanzia 1969 maandishi yakaongezwa. Mtu akikuta ya 1967 anadhani maandishi yamefutika. Vivyo hivyo sarafu mpya zilizozinduliwa Desemba 2018 hazina sura ya mtu, zina twiga, kifaru, simba na tembo, kwa sababu Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kwenye fedha. Lakini mabadiliko ya namna hiyo yanaweza kuzaa kasoro kubwa. Uingereza mwaka 2008 ilihamisha mwaka wa sarafu ya peni 20 toka upande wa nyuma kwenda upande wa Malkia. Katikati ya mabadiliko, kiwandani wakaoanisha muhuri wa zamani wa Malkia na muhuri mpya wa nyuma. Zikatoka peni 20 zisizo na mwaka popote, sarafu ya kwanza ya Uingereza ya mzunguko kukosa mwaka kwa zaidi ya miaka 300. Ndugu zako walioko kule bado wanaweza kuipata kwenye chenji.

Tuje kwa bibi, na umsalimie sana.

Ile ya tundu, ya 1936, isome kuzunguka tundu. Kama imeandikwa EDWARDVS VIII, hiyo ina kisa. Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza toka Januari 1936 hadi Desemba mwaka huo huo, akaacha ufalme kabla hajatawazwa, na kwao Uingereza hawakuwahi kutoa sarafu ya mzunguko yenye sura yake. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu, hazikuhitaji sura, jina tu lilitosha, kwa hiyo ziligongwa na kutumika huku kwetu. Watu wakisikia kisa hicho wanapandisha bei hadi mawinguni. Ukweli ni kwamba ziligongwa kwa mamilioni, na makopo ya mabibi wengi yanazo. Tofauti ya kuitafuta ni ndogo: kuna zenye herufi H, kuna zenye KN, na kuna zisizo na herufi. H na KN ni viwanda viwili vya Birmingham. Isiyo na alama ni ya kiwanda cha Kifalme cha London. Tazama pia tundu lenyewe. Tundu la kiwandani lina mdomo ulioinuka kulizunguka. Likiwa limekwenda upande mmoja, hapo sawa, ni kasoro nzuri.

Na ile ya T. Mwanangu, hiyo ilizaliwa hapo hapo ulipo.

Ni heller 20 ya utawala wa Wajerumani, na T ni Tabora. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia meli za Waingereza ziliziba bahari, sarafu hazikuingia tena toka Ujerumani, na chenji ikakauka nchini. Mwaka 1916 mafundi wa karakana ya reli wakapewa kazi ya kugonga fedha kwa vyuma vilivyopatikana. Wakatoa heller 5, heller 20, na pia rupia 15 za dhahabu zenye tembo. Kazi haikudumu: mnamo Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji toka Kongo yaliingia Tabora.

Kwa kuwa mihuri ilichongwa kwa haraka na watu waliozoea vyuma vya treni, hakuna sarafu inayofundisha tofauti za mihuri kama hiyo. Anza na rangi: kuna za shaba ya njano, ambazo ni nyingi, na za shaba nyekundu, ambazo ni chache zaidi. Kisha taji: kuna taji kubwa na taji dogo. Kisha geuza, utazame herufi L mbili za neno HELLER. Kuna muhuri ambao ncha za L zimechongoka, kuna ambao zote mbili zimepinda, na kuna ambao L ya pili peke yake ndiyo iliyopinda. Changanya hizo zote uone makundi yanavyoongezeka, halafu ndani ya kila kundi kuna nyufa, kuna zilizogongwa hafifu, kuna zisizo duara kamili. Iweke pamoja na lenzi yako na uijifunze kabla hujaenda kusaka kwenye mia na mia mbili. Jicho litakalozoea kutofautisha ncha za L ndilo litakaloona ufa kwenye jero.

Kuhusu mamilioni, nikuambie wazi kwa sababu nakutakia mema. Bei ya kasoro inategemea watu wawili au zaidi wanaoitaka kwa wakati mmoja. Marekani wapo maelfu kwa maelfu wanaotafuta senti za 1955, ndiyo maana ina bei. Wanaokusanya kasoro za shilingi ya Tanzania bado ni wachache, na hata kasoro halali unaweza kukaa nayo miaka. Anayekuambia sarafu yako ina milioni kumi, lakini tuma kwanza elfu hamsini za usajili au za cheti, huyo ni mwizi. Mnunuzi wa kweli anatoa hela. Haombi hela kwako. Na heller ya bibi usimpe mtu aondoke nayo kwenda kuionyesha.

Vifaa vya kununua ni vitatu tu na si vya gharama: lenzi ya mara 10, mizani ndogo ya kidijitali inayoonyesha gramu hadi desimali mbili, na sumaku. Mizani na sumaku hutumika kwa kulinganisha: chukua sarafu tano nzima za thamani na mwaka ule ule, zipime, ndipo upime yenye mashaka. Sarafu iliyogongwa kwenye kipande kisicho chake itajitenga kwa uzito. Tofauti ya punje ya gramu ni ya kawaida.

Nitumie vitu viwili. Upande wa nyuma wa ile mia, ukiwa umeweka alama ya kalamu kwenye karatasi, pembeni ya sarafu, kuonyesha kinundu kiko usawa gani kwa mbele; taa moja, toka upande wa kushoto. Na heller ya bibi pande zote mbili, karibu kadiri simu itakavyokubali, nizione zile L.